Kustaafu kwa Mchora Waridi

Msinizibie mwanga, vijana. Anayezungumza nanyi ni mstaafu, na macho ya mstaafu ni ya kutunzwa.

Najua mnavyoniangalia. Mnasema moyoni, huyu naye yuko Form Four, ndevu zake bado zinaitana kwa mbali, amestaafu nini? Hiyo ndiyo shida yenu watu wa Form One: mnadhani kustaafu ni mambo ya mvi. Kustaafu ni kuwa na kazi jana, leo huna, na bado mdomo unawasha kuisimulia. Mimi nilikuwa mchoraji wa maua kwa rangi za akriliki. Kusema kweli nilikuwa mchoraji wa ua moja, waridi jeupe, kutoka penseli hadi mng'ao wa mwisho. Kuna watu wamefanya kazi mjini maisha yao yote na ukiwaomba neno la hekima wanakwambia uchunge wezi. Mimi nina mengi kuliko hayo, na kengele bado.

Nianze na brashi. Brashi ilinifunza adabu kabla ya binadamu yeyote kufaulu.

Siku ya kwanza kazini, mathe, mama yangu, alipita akanituma maji bombani. Niliiweka brashi mezani, imejaa rangi, nikaenda. Kule nikakuta foleni, na kwenye foleni nikakuta wasichana wa mtaa wa Ofafa, na mnajua mimi sipiti watu bila kuwasalimia. Niliporudi, nywele za brashi zilikuwa zimeshikana kama ukoo unaogombea shamba. Fundi Kiilu akaichukua, akaigonga mezani. Ko, ko, ko.

"Msomi," akaniambia, "sasa umepata kijiti cha kukorogea uji."

Fundi Kiilu ndiye aliyekuwa bosi wangu. Kibanda chake kiko soko la Jericho, karibu na wale mama wa mitumba, na karibu kila bucha na kila duka la kinyozi mnalolijua mitaa hii, jina lake limeandikwa na yeye. Ni mtu wa Wamunyu, kwao wote ni wachonga vinyago, yeye tu ndiye aliyekimbia mti akaingia kwenye herufi. Maisha yake yote alikuwa na rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta ina heshima: inamsubiri fundi anywe chai, agombane na mteja, apatane naye, arudi. Akriliki haina mswalie. Ni plastiki iliyolainishwa kwa maji. Ikiwa bichi unaiosha kwa maji matupu, ikishakauka hata maombi ya mkesha hayaitoi. Kwa hivyo shikeni hili: brashi iwe mkononi au iwe majini, haina mahali pa tatu. Na mikebe ya maji iwe miwili, mmoja wa kuoshea uchafu, mwingine wa kuoshea uchafu wa mkebe wa kwanza. Tyubu ukishaikamua, ifunike palepale. Rangi uliyokamua iweke juu ya gazeti lililoloweshwa ndani ya sinia, la sivyo itakauka ukiwa bado unafikiri, na wengine wenu mnafikiri polepole.

Sasa mtauliza niliajiriwa vipi. Niliajiriwa kwa kufukuzwa.

Nilikuwa nimemchora kiboko ubaoni. Kiboko wa kawaida kabisa, ila alivaa tai, na ile tai mnaijua nyote, ina mistari ya kijani. Darasa lilicheka kwa upendo mwingi hadi hakuna aliyeona kwamba kielelezo chenyewe kimesimama mlangoni.

Mwalimu Mkuu alitaka niondoke moja kwa moja. Madam Njoki wa sanaa ndiye aliyenitetea, akasema mkono wa namna hii ukipewa kazi utatulia.

"Basi achore," Mwalimu Mkuu akasema. "Achore kitu kisicho na pua."

Ikaamuliwa kuwa ni ua. Niende nyumbani, nichore ua kwa mkono wangu, kwa rangi, nilete Jumatatu ya wiki iliyofuata, mzazi akiwepo. Likiwa na maana, narudi darasani na mtihani nafanya. Likiwa halina, ndiyo kwaheri.

Buda, baba yangu, ni dereva wa lori. Nilijua atanipiga, nikavaa suruali mbili. Hakunipiga. Aliendelea kula ugali wake, kisha akaniuliza navaa kiatu namba ngapi.

"Kwa nini, baba?"

"Tanboi wa lori langu ameacha kazi," akasema. "Kule juu ya mizigo mtu huvaa buti."

Hapo ndipo nilipoogopa, vijana. Kofi lina mwisho. Buti za namba yako hazina.

Madam Njoki alinipa tyubu tano alizoachiwa na mzungu mmoja aliyewahi kufundisha hapa: nyeupe, njano, nyekundu, samawati na kahawia. "Nitazitaka," akasema, kwa sauti ya mtu anayemkopesha jirani sufuria. Buda naye akanipeleka kwa Fundi Kiilu, maana ndiye mtu pekee aliyemjua anayepaka rangi kitu kingine zaidi ya ukuta.

Jambo la kwanza katika kuchora ua ni kuwa na ua. Msicheke. Jericho hatuna mawaridi. Tuna sukuma wiki, ambayo kwangu ni ua tosha, lakini Mwalimu Mkuu asingenielewa. Nikatembea hadi Buruburu, kule watumishi wa serikali wanakopanda vitu visivyolika, nikapata waridi jeupe limechungulia juu ya ua wa michongoma. Nikasimama barabarani nikaanza kulichora. Mama mwenye nyumba akatoka na kanga yake na ufagio.

"Wewe kijana! Unaangalia nini kwangu?"

"Naangalia waridi, mama."

"Wiki jana kuna mwingine alikuwa anaangalia waridi. Leo sina kamba ya nguo."

Nikamwonyesha karatasi yangu. Akaitazama, akanitazama viatu, akaingia ndani. Nilidhani ameenda kuita watu, nikajitayarisha kuondoka kwa heshima, yaani mbio. Kumbe alifuata mkasi. Akalikata waridi lake akanipitishia juu ya michongoma.

"Chukua," akasema. "Uende ukaliangalie kwenu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kielelezo, kikakaa kwenye chupa ya soda kibandani.

Fundi Kiilu hakuwa amechora ua tangu azaliwe, lakini fundi wa kweli hasemi hajui. Alichukua uzi wake wa kupigia mistari, akaupaka chaki, akaunyosha juu ya ubao wangu akaufyatua: mstari wa kati, mstari wa chini, mstari wa juu. Ubao wenyewe ulikuwa hadibodi ya mgongo wa kabati bovu, tulioupiga msasa na kuupaka rangi nyeupe ya ukuta mara mbili.

"Waridi ni herufi gani?" akaniuliza.

"Waridi si herufi, Fundi."

"Kila kitu ni herufi. Hii ni O iliyoshiba."

Mtacheka, lakini nilichora O, na waridi likaingia ndani yake likakaa. Kwanza yai. Ndani ya yai, juu kidogo, kijizungusho kama gamba la konokono, hapo ndipo moyo wa ua. Kisha petali zinakumbatiana kutoka hapo kuja nje kama majani ya kabichi, kila moja ikificha bega la mwenzake. Usianze na petali za nje. Ukianza nje, ukifika katikati utakuta hakuna nafasi, na ua litakuwa na uso wa mtu aliyefinywa kwenye mlango. Na penseli iwe nyepesi. Mstari mzito ni kama siri ya nyumba ya kupanga: paka juu yake upendavyo, majirani bado wataiona.

Baada ya penseli, nyuma kwanza. Nilipaka nyuma ya ua giza la samawati na kahawia, kwa sababu kitu cheupe hakionekani mbele ya kitu cheupe, kama vile nyinyi mnavyopotea mkiwa wengi. Kisha kikonyo na jani. Kijani nilikichanganya mwenyewe kwa samawati na njano, kikatoka kijani cha peremende, hadi nilipokitia nyekundu kidogo, tone tu, kikatulia kama mtu aliyeambiwa bei. Jani lilikuwa moja, maana lile waridi lilikatwa na jani moja. Mimi nilichora nilichopewa.

Petali ndizo zilizonitoa jasho. Nilizipaka nyeupe, na zikawa nyeupe, na hazikuwa na uhai wowote. Zilikaa kama shati la kanisani lililoanikwa. Nikaangalia lile ua kwenye chupa hadi macho yakauma, nikagundua kwamba halina weupe karibu popote. Lina samawati pale linapojikunja, lina njano chini karibu na kikonyo, lina kahawia ya maziwa ndani ya moyo. Weupe wenyewe uko ukingoni tu. Nikaanza upya juu ya ileile. Hilo ndilo zuri la akriliki: kosa la asubuhi limekauka kabla ya chai, na unalifunika. Nikapaka tabaka za majimaji moja juu ya nyingine, na bado vivuli vilikuwa vinakataa kuingia kwenye mikunjo.

"Zungushia nyeusi," Fundi Kiilu alikuwa akinishauri kila anapopita. "Piga mpaka wa nyeusi, kazi iishe."

"Sina nyeusi, Fundi. Na waridi halina mpaka."

"Mtu akiwa ndani ya basi, Jogoo Road, ataliona hilo ua?"

"Mwalimu Mkuu hatakuwa ndani ya basi."

"Hujui," akasema. "Watu hupanda basi."

Jumamosi nikaweka nyeupe nzito ya mwisho kwenye kingo, kwa brashi ile iliyokufa nywele siku ya kwanza, hivyo ikaacha mifereji mifereji. Nikasema basi. Nyumbani tuko wengi na mdogo wangu alikuwa na umri wa kulamba kila kitu, kwa hivyo nililiacha kibandani likauke kwa amani.

Jumapili baada ya kanisa nikapitia pale, bado nikiwa na tai. Fundi Kiilu alikuwa ameketi nje, anatabasamu kama mwenye arusi.

"Ingia uone," akaniambia.

Nikaingia. Waridi langu lilikuwa la kahawia. Ua, jani, kikonyo, giza la nyuma, vyote kahawia, na vyote viling'aa kama kiatu cha askari jela siku ya gwaride. Kibanda kizima kilinuka polishi ya viatu.

"Fundi. Hiki ni nini?"

"Nimekumalizia." Uso wake ulijaa wema mpaka nikakosa mahali pa kumkasirikia. "Kwetu baba yangu hawezi kumtoa twiga wa mti nyumbani bila kumpaka polishi akamsugua na soksi. Kitu kisichong'aa mteja anajua hakijaisha."

"Twiga ni wa kahawia, Fundi! Hili lilikuwa waridi jeupe!"

Akalitazama. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Hata mimi," akasema polepole, "niliona kuna kitu."

Nikakaa chini juu ya debe la rangi, na suti ya kanisani. Sikuweza kusema lolote la kuchekesha, na mathe anaweza kuwaambia hilo hutokea mara chache. Kesho ilikuwa Jumatatu. Niliziona zile buti. Nilijiona juu ya magunia ya saruji, nikipita hapa shuleni, nikiwapungia mkono wenzangu dirishani.

Fundi Kiilu akanipita. Aliingia nyuma ya pazia akatoka na fulana yake safi, ile aliyokuwa anavaa kwenda kwa watu, akairarua vipande viwili.

"Hii rangi yako ulisema ikikauka ni plastiki?"

"Ndiyo."

"Plastiki hailiwi na mafuta ya taa kwa dakika moja. Tukifanya haraka."

Akachovya kipande kidogo tu, akakamua, akapangusa petali ya chini kwa mkono mwepesi kama anampangusa mtoto uso akiwa amelala. Mimi nikafuata nyuma na kipande cha pili cha maji ya sabuni. Kahawia ikaanza kuondoka. Weupe ukarudi, petali baada ya petali. Lakini haikuondoka yote. Pale brashi yangu mbovu ilipoacha mifereji, polishi ilikuwa imezama chini, ikagoma kutoka, na kila petali ikabaki na mistari myembamba ya kivuli iliyojikunja kufuata umbo lake. Vile vivuli nilivyovitafuta wiki nzima vilikuwa pale, vyote, vimeletwa na kopo la polishi. Ungedhani lile waridi limechongwa.

Tulilipeleka mlangoni, penye mwanga. Kisha Fundi Kiilu akasema, "Sasa limeisha," na kwa mara ya kwanza tulikubaliana.

Jumatatu tukawa ofisini: mimi, Buda na kofia yake mikononi, Madam Njoki, na Mwalimu Mkuu nyuma ya meza. Nikaweka ubao mbele yake. Akauangalia kwa muda mrefu. Akauinua kwenye dirisha. Akaurudisha.

"Umelinunua wapi?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nimelichora, Mwalimu."

"Wewe? Wewe niliyekuona kazi yako?" Akainama akanusa. "Na mbona linanuka viatu?"

Nikamweleza juu ya polishi, twiga na fulana. Oneni ubaya wa sifa mbaya: siku moja ya ukweli mtupu, na uso wake ukazidi kukunjamana. Buda akajikohoza.

"Mwalimu, mimi nilimwona akilichora."

"Wewe ni mzazi, Bwana Kamau. Wazazi huona mengi." Akanyosha kidole. "Rangi ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye begi, nilikuwa nimezileta kumrudishia Madam Njoki. Akasukuma mbele yangu gamba la faili kuukuu na glasi yake mwenyewe ya maji ya kunywa.

"Chora petali moja. Hapa. Sasa hivi."

Brashi ilipogusa rangi, mkono ukaikumbuka kazi wenyewe. Hilo siwezi kuwaeleza, mtalijua mkifanya kazi yoyote. Nikapiga O ndogo. Nikaweka giza nyuma, samawati kwenye mkunjo, njano chini, nyeupe ukingoni. Nilipoinua macho, Mwalimu Mkuu hakuwa tena nyuma ya meza. Alikuwa ubavuni mwangu, ameinama, mikono magotini, kama mtu anayetazama watu wakicheza bao.

"Hapo ulitia samawati," akasema. "Kwa kitu cheupe?"

"Weupe uko ukingoni tu, Mwalimu."

"Aaa." Akaisogelea ile petali. Kisha akavuta waridi langu, lile la kweli, karibu yake. "Na hili jani moja? Mbona moja?"

"Lilikatwa likiwa na moja."

"Ua na jani moja ni kama mtu na sikio moja. Lete brashi."

Vijana, nilimpa. Mngefanya nini? Akakoroga samawati na njano zikawa kijani, akachovya, akashika pumzi, akaliweka jani upande wa kushoto wa kikonyo. Lilitoka pana, butu, na kamba mbili katikati. Lilikuwa ndala. Ndala ya mguu wa kushoto, imeangikwa kwenye waridi.

Buda alitazama kofia yake. Madam Njoki akapata kitu cha kutazama dirishani. Mwalimu Mkuu akarudi hatua moja, kijasho kwenye paji la uso, akanigeukia.

"Unaonaje?"

Utani ulinijia mara tatu kwa mpigo, wote wa daraja la kwanza. Niliuhisi uko kwenye meno. Niliwaona marafiki zangu wakianguka chini kwa kicheko. Kisha nikamtazama yule mtu, nikaona anangoja. Anangoja kweli, kama nilivyokuwa nikingoja mimi muda mfupi uliopita.

"Mwalimu," nikasema, "akriliki haihukumiwi ikiwa bichi. Ikikauka rangi huwa nzito kidogo kuliko unavyoiona. Lazima tuisubiri."

"Tuisubiri," akakubali.

Tukasubiri. Akalipulizia, nami nikalipulizia upande wangu. Likakauka. Likawa ndala nzito kidogo.

"Limekaa," akasema.

"Limekaa, Mwalimu." Sikusema limekaa wapi.

Akakaa kwenye kiti, akavaa uso wake wa kila siku. "Nenda darasani. Na hizo rangi ziache hapa. Mwaka huu ni wa masomo." Madam Njoki alifungua mdomo juu ya tyubu zake, akaufunga. Buda akanishika bega mlangoni, akalibana hadi likauma, na habari za buti zikaishia hapo.

Nami nikastaafu palepale, nguvu zikiwa bado, kwa kunyang'anywa vifaa na mtu aliyevihitaji zaidi.

Ijumaa iliyopita tukiwa gwarideni, mnakumbuka Mwalimu Mkuu alivyoinua mkono tunyamaze? Nyinyi mlinyamaza kwa woga. Mimi nilikuwa natazama kucha zake. Chini ya kila kucha kulikuwa na kijani, kijani cha peremende, kisichotiwa nyekundu. Rafiki zangu kulia na kushoto hawakujua kwa nini nimejiuma mdomo, na sikuwaambia. Nimewaambia nyinyi peke yenu. Nyinyi ni Form One, nani atawaamini?